Kwa Kinyozi Wetu wa Uani

Mwaka umezunguka, mume wangu, tangu ulipotutoka ukiwa na miaka kumi na saba, na humu ndani bado tunabishana nani kati yetu alikuona wa mwisho.

Anayekuandikia kwa niaba ya familia ni bibi yako. Wasomaji wa gazeti hili wasishtuke nikikuita mume wangu. Bibi ana haki hiyo kwa mjukuu wake wa kiume, nami niliitumia tangu ukiwa kwenye nepi, na ulipojua kusema ukawa unanijibu, "Mke gani huyu meno yake yanalala kwenye glasi?" Baba yako alijaribu kuandika, akaishia kwenye jina lako. Mama yako mwanzoni hakutaka liandikwe neno zaidi ya kwaheri. Nimebaki mimi, niliyekula chumvi nyingi na ambaye aibu zimeniisha.

Kwanza watu wajue ulivyokuwa. Ulikuwa mwembamba, miguu mikubwa kuliko mwili, na ukitumwa ulikuwa unaitika "Nakuja!" huku hujainuka. Ulipiga mluzi usio na wimbo wowote. Ulilala chumba kimoja na mdogo wako, na kwa kuwa yule mtoto hushtuka ovyo, ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango wa chumba chako mwenyewe kabla ya kuingia. Hakuna aliyekufundisha hilo.

Mama yako anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, na anaporudi asubuhi hubeba mkate mmoja ndani ya kitambaa. Ulikuwa humpi nafasi hata ya kuvua viatu. Unaumega kwa mikono ukiwa bado wa moto, vidole vinaungua, unarukaruka jikoni na kupiga kelele, "Sijaungua! Sijaungua!" Tulicheka sana.

Ile mashine ya kunyolea ilitoka gereji kwa baba yako. Mteja aliiacha kwenye gari, imekufa, akasema itupwe. Mkakaa nayo mezani wewe na baba yako alasiri nzima, vichwa vimekaribiana, bila maneno ila "nipe bisibisi" na "shika hapa". Ilipounguruma, baba yako alikupiga bega, ukatazama chini. Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni, na sijapata kuwaona mkipendana kama siku ile.

Ndipo uani kwetu pakageuka kwa kinyozi. Kila Jumapili baada ya chakula walikuja wenzako wa shule, wanakaa kwenye kreti la soda, unawafunga shuka langu kuukuu shingoni. Hukumtoza mtu kitu. Mimi nilikuwa dirishani naosha vyombo, na ngoja nikiri mbele za watu kwamba vyombo vile viliisha mapema, nikawa naosha vilivyo safi.

Wavulana wa umri wenu ukiwakalisha uso kwa uso hawana neno. "Vipi?" "Poa." Basi, mazungumzo yamekwisha, linalofuata ni mpira. Lakini mtu akikaa kwenye kreti lile, kichwa kainamisha, wewe uko nyuma yake na hakuoni, maneno yalikuwa yanatoka. Mmoja alikuwa anampenda binti wa duka la dawa mpaka chakula hakipiti, na kila akienda dukani anajikuta amenunua plasta. Mwingine alikuwa anaogopa kwamba yeye ni mjinga kweli, kama mwalimu anavyosema. Wewe hukuwapa mawaidha. Nywele zilikuwa zimekwisha zamani, lakini mashine uliiacha ikiunguruma hewani, haimgusi mtu, ili walio kwenye foleni wasisikie.

Na yule mrefu, mnayemwita Ngazi. Mama yake hayupo duniani, anaishi kwa mjomba wake ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, kwa hiyo ni kama anaishi na funguo. Jumapili moja alianza kulia pale kwenye kreti. Wenzake wakageuka. Ukazima mashine, ukasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, "Aisee pole, nywele zimekuingia machoni! Subiri nilete maji." Ukaja jikoni kuchukua bakuli. Uso wako, mume wangu, ulikuwa umelowa kuliko wake. Nikakuuliza, "Na wewe zimekuingia?" Ukasema, "Ndiyo, bibi," ukatoka.

Kichwa chako ulikinyoa mwenyewe bafuni, kwa kioo cha ukutani na kioo changu kidogo cha mkononi. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema. Kisogoni palikuwa panabaki ngazi na mabonde, na sisi tunakutania mezani kwamba panya wamekula. Ulicheka pamoja nasi. Hakuna kati yetu, wala kati ya wale vijana wote, aliyewahi kusema, "Kaa hapa, nikunyoe."

Baba yako ni fundi wa magari, tena fundi kweli. Akiletewa gari hafungui boneti kwanza. Analiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza. Linalogonga lina ugonjwa, linalolia lina ugonjwa, lisilo na kelele lirudi barabarani. Ndivyo tulivyolea watoto humu ndani. Mdogo wako alikuwa mtoto wa kelele: tumbo linauma, mwalimu kamwonea, kuna kitu chini ya kitanda. Kila akigonga tulikimbia na spana. Wewe hukugonga. "Huyu injini yake imetulia," baba yako alikuwa akijivuna kwa wenzake wa gereji. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo naijua tangu mtoto, ila siku zote nilidhani inawahusu majirani.

Siku zile za mwisho ulikuja jikoni ukakaa juu ya mfuko wa mkaa, ukasema, "Bibi, nimechoka."

Nikasema, "Kachoka nini mtu ambaye hajaoa?"

Ukacheka. Kilikuwa kicheko cha kunipa mimi, si chako, na leo nakijua kabisa tofauti yake.

Wiki ileile ukaanza kugawa vitu. Redio yako ukampa mdogo wako. Shati lako la mistari ukampa mwenzako wa foleni. Saa ya mkononi ukaniletea mimi, ukasema tarakimu zake ni kubwa, zitanifaa. Nasi tukakusifu. Mama yako alisema una mkono wa kutoa kama marehemu baba yake. Tulikuwa tumekaa sebuleni, wazee watatu wenye akili timamu, tunapiga makofi mtoto anaaga.

Kisha ukajitoa uhai, mchana, baba yako gereji, mama yako kwenye tanuri kwa zamu ya mchana siku hiyo, mimi kliniki ya macho. Nimeliandika. Mkono haukukatika.

Mwaka jana tangazo letu katika gazeti hili lilisema umefariki "ghafla". Wageni wa msiba walipouliza, baba yako aliwaambia ni moyo. Hatukuwa tumeafikiana, neno lilimtoka mlangoni, mtu wa kwanza akalipokea, wa pili akaliendeleza, hata jioni ilipofika tukawa na mtoto aliyekuwa mgonjwa wa moyo tangu kuzaliwa. Jirani mmoja alianza mpaka kukumbuka dalili. Sikumsahihisha mtu. Nilimimina chai.

Wenzako walikuja wote. Walibeba viti, walichota maji, walisimama ukutani mikono mifukoni wakizungumza mpira. Wanawake wakasema, "Watoto wa siku hizi hawana uchungu." Niliwatazama vichwani, kila mmoja na mstari ulioupiga wewe, umenyooka.

Baada ya hapo waliacha kuja, isipokuwa Ngazi. Alikuwa anakuja Jumapili baada ya chakula, anakaa uani kwenye kreti, anatazama ukuta. Nywele zikawa zinaota. Shule ikamrudisha nyumbani kwa nywele, akarudi nazo vilevile. Nikimuuliza, "Una nini, baba?" anasema, "Poa tu, bibi." Nikimpa chakula anakula kidogo, anashukuru, anaosha sahani. Hakuwa na kelele yoyote.

Jumapili moja ya miezi ya karibuni alikuja na viatu vyake vya mpira. Vilikuwa vimesuguliwa, kamba mpya. Akasema, "Bibi, hivi mpe mdogo wake. Akikua vitamtosha."

"Na wewe utachezea nini?"

"Mimi sivihitaji."

Mume wangu! Nilivishika viatu vile nikaona redio, nikaona shati la mistari, nikatazama saa iliyoko mkononi mwangu. Sikusema asante. Nikamwambia, "Kaa hapo. Ukiinuka nakulaani," nikamtuma mdogo wako mbio amwite baba yenu gereji, maana baba yako siku hizi hata Jumapili hakai nyumbani.

Alifika na ovaroli, mikono imejaa grisi. Nikamwonyesha viatu. Nikasema, "Anagawa vitu." Akaelewa.

Lakini hakujua aanzie wapi. Mtu amezoea kusikiliza injini, hajui kuuliza swali. Akazunguka kreti mara mbili kama anayelitafutia mahali pa jeki. Mwisho akachuchumaa mbele ya yule kijana, akasema, "Shule inaendaje?"

Ngazi akamtazama. Akasema, taratibu, na adabu zake zote, "Baba, kwani yeye alikufa kwa kitu gani?"

Nilijua, na baba yako alijua, kwamba neno "moyo" likitoka tena mdomoni mwake, kijana yule atasema asante, ataaga, na hatutamwona tena akiwa hai. Nilitaka kumsemea. Sikuweza, lilikuwa lake.

Baba yako akafuta mikono kwenye ovaroli, ikazidi kuchafuka. Kisha akasema, "Alijiua. Mwanangu alijiua."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kusemwa kwenye nyumba hii.

Ngazi akasema, "Najua. Aliniambia kabla."

Akaeleza akitazama ukuta. Ilikuwa ile Jumapili ya mwisho. Alikuwa amekaa pale pale, wewe uko nyuma yake unamnyoa, ukamwambia huoni sababu ya kuendelea kuishi. Ukamwapisha asimwambie mtu. Ya uani yanabaki uani, ndiyo ilikuwa sheria yenu. "Sikumwona uso," Ngazi akasema. "Alikuwa anacheka, nikajua anatania. Nikamwambia, 'Acha ujinga wewe, malizia huku pembeni.'" Akajipapasa nywele. "Akamalizia. Akaninyoa vizuri sana."

Basi ndiyo iliyokuwa siri yake, mwaka mzima kasoro kidogo. Watu wazima tunasema moyo, moyo, na mtoto wa kumi na saba amekaa na kilo zote zile peke yake, hana mama wa kumwambia, na kinywa umemfunga wewe.

Baba yako alipiga magoti kwenye saruji. Akasema, "Sikiliza, kijana wangu. Mimi nilikuwa nalala naye nyumba moja. Mimi ndiye mzazi wake. Wa kusikia nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa mtoto unanyolewa nywele." Akamshika mabega na grisi yake. "Sasa nakuuliza na unijibu kama mtu mzima. Na wewe unataka kufa?"

Ngazi akavitazama vile viatu vya mpira. Akasema, "Sijui."

"Sijui inatosha," baba yako akasema. "Inuka twende."

Akampeleka hospitali na ovaroli lile lile. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa likizo, wakaambiwa warudi Jumatatu. Baba yako akakaa kwenye benchi, akasema kama ni kurudi basi atarudi akitokea hapo hapo. Mpaka akapatikana mtu wa kumwona.

Sitawadanganya wasomaji kwamba mambo yamenyooka. Ngazi anakaa kwetu mjomba wake akiwa safarini. Anakunywa dawa, anaongea na mshauri, kuna siku anacheka na kuna siku hatoki kitandani. Wiki iliyopita alikataa kula tena. Daktari anasema ni safari ndefu na tusiache kumuuliza. Basi tunamuuliza, waziwazi, kwa neno lenyewe, hata mbele ya chai. Mwanzo nilidhani kulitaja ni kulikaribisha. Daktari akasema sivyo, bibi. Kulitaja ni kumfungulia mtu mlango.

Mama yako hakutaka haya yachapishwe. Alisema, "Mtamvua nguo mwanangu mbele za watu." Hakuna aliyemlaumu. Aliyekubeba ana haki ya kukufunika. Tulikuwa tumeamua tangazo liwe la mistari miwili, picha yako, na kwaheri.

Kilichombadilisha ni mdogo wako. Umemwacha na miaka tisa, sasa ana kumi, na sisi kwa kuhangaika na Ngazi hatukugundua kwamba yule mtoto wa kelele ameacha kelele. Halalamiki tumbo, halalamiki mwalimu. Juzi mama yako alimkuta bafuni amejifungia, maji hayatiririki, ameweka mkono kifuani. Akamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nasikiliza kama unasimama." Tangu ulipokufa alikuwa anausikiliza moyo wake kila siku, kwa sababu watu wazima walimwambia moyo ndio uliomuua kaka, na mioyo ya ndugu hufanana. Hakumwambia mtu. Alikuwa hataki kutusumbua.

Mama yako alikaa naye kwenye sakafu ya bafuni, akamweleza yote, kwa maneno ya saizi yake. Walikaa sana. Alipotoka macho yamevimba, akaja jikoni akaniambia, "Mama, andika. Andika lote. Lakini useme pia alivyokuwa anapenda mkate wa moto." Nimesema, kama ulivyosoma hapo juu.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi kilio kilishatuumbua, na tukaendelea kuficha.

Sasa nikuambie la mwisho, na usinijibu kwa mzaha. Nimekukasirikia, mume wangu. Nimekukasirikia sana. Nakukumbuka unavyotembea korido hii na miguu yako mikubwa, moyo unaniuma mpaka nashika ukuta, halafu hasira inapanda nataka kukuita nikuchape. Ulikuwa na masikio ya kusikia kila mtoto wa mtaa huu. Ya kwako ukayasema mara moja, kwa kisogo cha mtoto mwenzako, ukicheka. Ungevunja sahani. Ungetukana mtu mzima. Ungekaa juu ya ule mfuko wa mkaa usiinuke mpaka niache utani. Haikuwa kazi yako kujua kwamba unaruhusiwa. Sisi ndio tulipaswa kukuambia, na hatukukuambia.

Kwa hiyo tunawaambia waliobaki. Nyinyi vijana wa foleni ya uani, mnajijua, na wewe uliyevaa shati la mistari hasa: alichowaapisha marehemu tunakifuta. Alikuwa mtoto, hakuwa na mamlaka hayo. Mlango wetu ni ule ule. Msiseme poa.

Wanaokukumbuka ni baba yako, fundi, ambaye hamwambii mtu tena kwamba ni moyo. Mama yako, ambaye asubuhi anarudi na mkate na hajui aupe nani kwanza. Mdogo wako, ambaye jana amelalamika kuhusu tumbo, nasi tukamshukuru Mungu. Bibi yako, mkeo asiye na meno, ninayekudai mazungumzo. Na Ngazi, ambaye leo asubuhi, tangazo hili likipelekwa, tumemwamsha, tumemuuliza, ametujibu, na yuko hai.

Kukusahau hatuwezi, na hatutakunyamazia tena.